Rob Burrow: mchezaji mfupi aliyebeba namba 7 ya Leeds

Tarehe 2 mwezi wa 6 mwaka 2024, kaskazini mwa Uingereza, Rob Burrow aliaga dunia. Alikuwa na miaka 41. Alikuwa mchezaji wa zamani wa raga ya watu 13, mwenye kushinda ubingwa wa inchi yake mara 8 na ekipe moja tu, Leeds Rhinos. Siku ya mazishi yake, tarehe 7 mwezi wa 7, maelfu ya watu walijipanga kandokando ya barabara kumpigia makofi wakati jeneza likipita. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu: siku ya saba, mwezi wa saba, na namba yake uwanjani ilikuwa 7.

Huku kwetu, ambako mupira wa miguu ndio unajaza viwanja, jina lake halijulikani sana. Lakini maisha yake yanagusa jambo ambalo kila familia inalijua: mtu kupimwa kwa mwili wake. Kwanza waliona Burrow ni mdogo mno kwa mchezo wa wanaume wakubwa. Kisha, alipokuwa bado kijana, ugonjwa ukamnyang'anya ule mwili mdogo aliokuwa ameushindia vikombe vyote. Mara zote mbili, watu waliotazama mwili peke yake walikosea hesabu.

Raga ya watu 13 ni mchezo gani?

Wengi wakisikia neno raga wanafikiri mchezo mmoja tu. Iko miwili. Wale waliosoma kwa Kifaransa wanaifahamu kama raga ya kumi na tano na raga ya kumi na tatu. Ile ya watu 15 ndiyo inachezwa mu inchi nyingi za Afrika. Ile ya watu 13 ina nguvu zaidi kaskazini mwa Uingereza, Australia, New Zealand, Papua New Guinea na kusini mwa Ufaransa.

Mchezo huu ulizaliwa mu ugomvi wa pesa. Karne ya 19, wachezaji wengi wa kaskazini mwa Uingereza walikuwa wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Siku ya Jumamosi walikuwa wanafanya kazi. Mtu akiacha kazi ili aende kucheza, alipoteza mshahara wa siku ile. Vilabu vya kaskazini vikaomba ruhusa ya kumlipa mchezaji fidia ya shilingi 6 za Kiingereza kwa siku aliyokosa kazi. Wakubwa wa chama cha raga wakakataa: kwao, mchezo ulikuwa wa watu wasiolipwa. Tarehe 29 mwezi wa 8 mwaka 1895, mu hoteli moja ya mji wa Huddersfield, vilabu vya kaskazini vikaamua kujitenga na kuanzisha chama chao. Mwaka 1906 wakapunguza wachezaji kutoka 15 mpaka 13, ili mpira ukimbie zaidi.

Sheria zake si ngumu kufuata. Mechi ni dakika 80. Ekipe yenye mpira inakimbia mbele nao, lakini kupasi kwa mkono lazima iwe nyuma au pembeni, si mbele. Wapinzani wanamkamata mwenye mpira na kumwangusha. Akishaangushwa, anasimama, anauweka mpira chini na kuusukuma nyuma kwa mguu, na mchezo unaendelea. Ekipe ikikamatwa mara 6 mfululizo bila kufunga, inatoa mpira kwa wapinzani. Mtu akivuka mstari wa mwisho na kugusisha mpira chini, hiyo inaitwa trai, na inaleta pointi 4. Baada ya trai, teke likipita katikati ya miti ya goli linaongeza pointi 2.

Kwa hiyo ni mchezo wa kugongana. Wale wa mbele, wenye kazi ya kupasua ukuta wa wapinzani, wengi wanapita kilo 100. Na kila mchezaji, awe mkubwa ao mdogo, lazima akamate wengine. Hakuna mahali pa kujificha.

Mtoto wa Yorkshire

Robert Geoffrey Burrow alizaliwa tarehe 26 mwezi wa 9 mwaka 1982 mu mji wa Pontefract, jimbo la Yorkshire. Hiyo ni sehemu ya makaa ya mawe. Miji yake ni midogo na iko karibukaribu: Pontefract, Castleford, Featherstone, Wakefield. Kule, raga ya watu 13 ndiyo mchezo wa mtaa, ule watoto wanacheza wakitoka masomo. Burrow alianza akiwa mtoto, na kati ya vilabu vya watoto alivyopitia ni Featherstone Lions.

Tangu mwanzo alisikia maneno yale yale: ni mdogo mno. Alipokomaa, urefu wake uliishia metre 1 na sentimetre 65, na uzito wake haukufika kilo 70. Watu walimwita mchezaji mdogo kuliko wote mu ligi kuu, ile inayoitwa Super League. Kumweka ndani ya uwanja na mtu wa kilo 110 kulionekana kama kumtafutia majeraha.

Leeds Rhinos, klabu kubwa ya mji wa Leeds, walimchukua akiwa kijana na kumlea mu ekipe zao za vijana. Mwaka 2001, akiwa na miaka 18, aliingia ekipe ya kwanza. Mwisho wa msimu ule akachaguliwa mchezaji bora kijana wa Super League. Tangu hapo hakuhama. Alicheza miaka 17, mechi 492, zote kwa klabu ile moja.

Alikuwa namba 7, yule anayesimama karibu na mpira na kuamua uende wapi. Silaha yake ilikuwa mbio za ghafla na kugeuka mahali padogo. Mtu mkubwa akinyoosha mikono kumkamata, Burrow alikuwa amekwisha kupita chini ya kwapa. Na hakukimbia kazi ya kukamata: alijirusha ku miguu ya watu waliompita kwa kilo 40 na zaidi, mechi baada ya mechi.

Ubingwa mara 8

Bingwa wa Super League anapatikana kwa finali kuu, na hiyo finali inachezewa Old Trafford mjini Manchester, uwanja ule ule wa Manchester United ambao wapenzi wa mupira wa miguu wanaujua vizuri.

Kabla ya kizazi cha Burrow, Leeds ilikuwa klabu tajiri yenye njaa. Ubingwa wake wa mwisho ulikuwa wa 1972. Wazee walikuwa wanasimulia, vijana hawakuwa wameona kitu. Mwaka 2004 Leeds wakawashinda jirani zao Bradford Bulls 16-8 mu finali kuu, na ukame wa miaka 32 ukaisha. Burrow alikuwa na miaka 22.

Ile ekipe ilijengwa na vijana waliokulia pamoja ndani ya klabu: Kevin Sinfield kapiteni, Danny McGuire, Jamie Jones-Buchanan, Ryan Bailey, na Burrow. Mwaka 2007 wakawapiga St Helens 33-6, na Burrow akapewa tuzo ya mchezaji bora wa finali. Mwaka 2008 St Helens tena, 24-16. Mwaka 2009 St Helens mara ya tatu, 18-10. Hakuna klabu nyingine iliyokuwa imeshinda Super League mara tatu mfululizo kabla yao.

Kisha ikaja finali ya 2011, ambayo watu bado wanaitaja. Leeds walikuwa wamemaliza msimu wakiwa namba 5 tu, na Burrow alikuwa amewekwa ku benchi. Aliingia mechi ikiwa imekwisha kuanza. Kabla ya mapumziko, akachukua mpira katikati ya uwanja. Mbele yake ulikuwa ukuta wa St Helens. Akainama chini ya mkono wa mmoja, akapita katikati ya wengine, akabaki na mlinzi wa mwisho, akamzunguka, na kukimbia peke yake mpaka mstari. Leeds wakashinda 32-16. Waandishi waliokuwa na kazi ya kuchagua mchezaji bora wa finali wakampigia Burrow kura zote, bila hata mmoja kuchagua mtu mwingine. Jambo hilo lilikuwa halijatokea mbele.

Mwaka 2012 wakamshinda Warrington 26-18. Mwaka 2014 wakachukua Challenge Cup, kombe la zamani la mchezo huu, ambalo lilikuwa limewatoroka mara nyingi. Mwaka 2015 wakabeba vyote vitatu: kombe, nafasi ya kwanza ya ligi, na finali kuu mbele ya Wigan, 22-20. Sinfield akaaga klabu siku ile. Mwaka uliofuata mambo yakaharibika, Leeds wakateremka mpaka chini ya msimamo. Lakini 2017 wakarudi, wakamshinda Castleford 24-6 mu finali. Huo ndio ulikuwa ubingwa wa 8 wa Burrow, na ndio ulikuwa mwisho. Akavua viatu akiwa na miaka 35, akaanza kufundisha vijana wa klabu ile ile.

Mu jezi ya taifa pia alicheza, kwa Uingereza na kwa Great Britain, ekipe ya muungano. Mwaka 2007 Great Britain walipokea New Zealand kwa mechi tatu na kuzishinda zote. Burrow akachaguliwa mchezaji bora wa mechi zile tatu. Mwaka 2008 alikwenda Australia kwa Kombe la Dunia.

Ulimi ulipoanza kuwa mzito

Mwaka 2019 watu waliokuwa karibu naye wakagundua kitu. Maneno yake yalikuwa yanatoka yakiteleza, kama ya mtu aliyekunywa pombe. Wengine wangeweza kucheka. Familia ikamwomba aende kwa daktari. Mwezi wa 12 mwaka ule, majibu yakatoka: alikuwa na ugonjwa wa neva za mwendo.

Mu hospitali za inchi zinazosema Kifaransa, aina ya ugonjwa huu inayoonekana zaidi inaitwa SLA, ao ugonjwa wa Charcot, kutokana na jina la daktari Jean-Martin Charcot wa Paris aliyeueleza mu karne ya 19. Neva zinazotuma amri kutoka ubongo kwenda ku misuli zinakufa kidogo kidogo. Misuli isiyopata amri inalegea na kukauka. Mgonjwa anapoteza kutembea, mikono, kusema, kumeza, na mwisho kupumua. Akili, kwa wagonjwa wengi, inabaki nzima, na mtu anaona yote yanayomfikia. Dawa ya kuponya haipo.

Burrow alikuwa na miaka 37, bibi yake Lindsey, na watoto watatu, wa mwisho akiwa bado mdogo sana. Madaktari walimwambia anaweza kuwa amebakiza karibu miaka miwili. Angeweza kufunga mlango na kunyamaza, na hakuna mtu angemlaumu. Badala yake, tarehe 19 mwezi wa 12, klabu na familia wakatangaza ugonjwa hadharani.

Tarehe 12 mwezi wa 1 mwaka 2020, uwanja wa Headingley mjini Leeds ulijaa mpaka pomoni. Ilikuwa mechi ya heshima ya Jamie Jones-Buchanan, Leeds dhidi ya Bradford. Ikiwa imebaki karibu dakika 5, Burrow akavuka mstari na kuingia uwanjani mara ya mwisho, pamoja na wenzake wa zamani waliorudi kwa ajili yake. Sinfield, McGuire na wengine walisimama upande wake. Wakati ule bado aliweza kukimbia. Ndani ya miezi michache hakuweza tena.

Rafiki aliyekimbia

Kevin Sinfield alikuwa kapiteni wa Burrow kwa miaka mingi. Mwezi wa 12 mwaka 2020, wakati wa korona, akaamua kukimbia marathoni 7 kwa siku 7. Marathoni moja ni kilometa 42 na kidogo. Saba ilikuwa namba ya Burrow. Alitaka kukusanya paundi 77 777 kwa ajili ya wagonjwa wa neva za mwendo. Watu wakatoa zaidi ya milioni 2.

Hakuishia hapo. Mwezi wa 11 mwaka 2021 akakimbia kutoka Leicester mpaka Leeds, kilometa zaidi ya 160, ndani ya saa 24. Mwaka 2022 akakimbia siku 7, kila siku zaidi ya kilometa 60, kutoka Edinburgh mpaka Old Trafford, akafika uwanjani wakati wa finali ya Kombe la Dunia la raga ya watu 13. Mwaka 2023 akakimbia tena siku 7 mu miji 7. Kila mara alikataa kuitwa shujaa. Alirudia kusema kwamba anafanya tu kile rafiki anafanya kwa rafiki.

Tarehe 14 mwezi wa 5 mwaka 2023, mji wa Leeds ulifanya marathoni yenye jina la Rob Burrow. Maelfu ya watu walikimbia. Sinfield alimsukuma Burrow mu kiti cha magurudumu njia nzima. Wakiwa karibu na mstari wa mwisho, akasimamisha kiti, akainama, akamnyanyua Burrow mu mikono yake, na kuvuka naye mstari akiwa amembeba. Picha ile ilizunguka dunia. Mwili ule ambao watu wakubwa walishindwa kuukamata kwa miaka 17, sasa ulikuwa mwepesi mu mikono ya rafiki.

Sauti iliyobaki

Ugonjwa ulipochukua ulimi, wataalamu walitumia sauti yake ya zamani, iliyohifadhiwa mu mahojiano ya wakati akicheza, kutengeneza sauti ya kompyuta. Burrow aliandika kwa macho: mashine inafuata jicho linapotazama herufi, maneno yanakusanyika, kisha kompyuta inasema kwa sauti inayofanana na yake, yenye lafudhi ya Yorkshire. Neno moja moja, polepole.

Kwa njia hiyo aliendelea kusema na watu. Mwaka 2021 kitabu cha maisha yake kilitoka. Televisheni ya BBC iliingia nyumbani kwake na kuonyesha ugonjwa ulivyo, bila kuupamba: Lindsey akimlisha, akimvalisha, akimbeba kupanda ngazi, huku akiendelea na kazi yake ya kunyoosha viungo vya wagonjwa na kulea watoto watatu. Mwezi wa 12 mwaka 2022 Burrow akasoma hadithi ya usiku kwa watoto wa inchi nzima mu kipindi cha televisheni, akitumia macho yake. Alikuwa mtu wa kwanza kusoma namna ile mu kipindi kile.

Wengine waliougua ugonjwa ule ule walikuwa wenzake wa safari: Doddie Weir, mchezaji mkubwa wa Scotland wa raga ya watu 15, aliyefariki mwezi wa 11 mwaka 2022, na Stephen Darby, mchezaji wa zamani wa mupira wa miguu. Walitoka mu michezo tofauti, wakawa kitu kimoja.

Serikali ya Uingereza nayo ilimheshimu. Mwanzo wa 2021 alipewa nishani ya MBE. Mwanzo wa 2024, Burrow na Sinfield wote wawili wakapewa nishani ya CBE, ya juu zaidi, na Prince William akafika mwenyewe Headingley kuwaona.

Maswali watu wanajiuliza kuhusu ugonjwa huu

Unaambukiza? Hapana. Mtu hawezi kuupata kwa kumgusa mgonjwa, kula naye ao kulala naye chumba kimoja. Kumtenga mgonjwa hakumlindi mtu yeyote.

Unarithiwa? Kwa wagonjwa wachache, karibu mmoja kwa kila kumi, kuna ndugu wengine ndani ya familia walioupata. Kwa wengi, sababu yake haijulikani.

Raga ndiyo inauleta? Bado wataalamu wanachunguza. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Glasgow kilitoa uchunguzi juu ya wachezaji 412 wa zamani wa ekipe ya taifa ya Scotland ya raga ya watu 15, ukaonyesha kwamba hatari ya ugonjwa huu kwao ilikuwa kubwa kuliko kwa watu wengine. Lakini wagonjwa wenyewe ndani ya uchunguzi walikuwa wachache, na hiyo haitoshi kusema mchezo ndio ulimgonjesha mtu fulani. Wanawake na wanaume ambao hawajacheza kitu nao wanaugua.

Dalili za kwanza ni zipi? Mara nyingi mkono unaopoteza nguvu, mguu unaojikwaa, misuli inayotetemeka yenyewe, ao ulimi unaokuwa mzito. Dalili hizi zinaweza kutoka na magonjwa mengine mengi, na mengine yanatibika. Ndiyo maana mtu asijihukumu mwenyewe wala kuhukumiwa na majirani, aende kwa daktari.

Kama hauponi, kuna faida gani kwenda hospitali? Iko. Kuna dawa inayopunguza mwendo wa ugonjwa kidogo. Zaidi ya dawa, kuna msaada wa kumeza bila kukabwa, wa kupumua, wa kukaa na kulala vizuri, na wa kuongea. Chakula laini na mto uliowekwa sawa vinaweza kubadilisha siku nzima ya mgonjwa, hata pale ambapo mashine hazipo.

Kilichobaki

Madaktari walisema karibu miaka miwili. Burrow aliishi minne na nusu. Ndoto yake ya mwisho ilikuwa kujenga mu mji wa Leeds kituo kimoja ambamo wagonjwa wa neva za mwendo wanakutana na madaktari wote mahali pamoja, badala ya kuzunguka hospitali na mwili usiotembea. Pesa zilichangwa na watu wa kawaida, wengi kwa paundi chache chache. Kazi ya kujenga ilianza tarehe 3 mwezi wa 6 mwaka 2024, siku moja baada ya kifo chake. Siku ile ilikuwa imepangwa tangu mbele. Familia yake iliamua isiahirishwe, wakafika ku kiwanja wakiwa na msiba wa usiku mmoja.

Mwaka ule ule, wakuu wa Super League walibadilisha jina la tuzo ya mchezaji bora wa finali kuu. Tuzo ambayo Burrow alishinda mara mbili sasa inaitwa kwa jina lake. Kila mwaka, mtu atakayecheza vizuri kuliko wote Old Trafford, hata akiwa na metre 2 na kilo 115, atarudi nyumbani na jina la yule aliyeambiwa kwamba ni mdogo mno.

Kazi ya Rob Burrow kwa ufupi

Kuzaliwa: tarehe 26 mwezi wa 9 mwaka 1982, Pontefract, Uingereza.

Klabu: Leeds Rhinos peke yake, 2001 mpaka 2017, mechi 492.

Ubingwa wa Super League: 2004, 2007, 2008, 2009, 2011, 2012, 2015 na 2017.

Challenge Cup: 2014 na 2015.

Ubingwa wa vilabu vya dunia: 2005, 2008 na 2012.

Mchezaji bora wa finali kuu: 2007 na 2011.

Ekipe za taifa: Uingereza na Great Britain.

Kugundulika kwa ugonjwa: mwezi wa 12 mwaka 2019.

Kifo: tarehe 2 mwezi wa 6 mwaka 2024.